Kelele za Kutu

Wenzangu mnaobaki kazini mmeniomba niandike niliyoyaona kwenye minara ya Ngara na Biharamulo kabla sijayasahau. Vyeo vyangu mnavijua, havikuwa vingi, na mshahara haumfundishi mtu kazi. Kwa hiyo nitaandika juu ya kutu, na juu ya watu walionifundisha kuisikiliza.

Kazi yangu ya kwanza niliipata kambini Benaco, mwaka ule wakimbizi wa Rwanda walipojaa mpaka vilima vikabadilika rangi. Nilikuwa kijana wa Nyamiaga, nimetoka chuo cha ufundi juzijuzi, nina cheti kinachosema naweza kutengeneza redio. Shirika moja la misaada likanichukua kwenye kitengo cha simu za upepo. Nilifika asubuhi nimevaa shati la pasi, nikitegemea kukalishwa mbele ya redio na kuvaa visikilizio kama nilivyoona kwenye picha za chuoni.

Fundi mkuu alikuwa Mzee Kamugisha, mtu wa Muleba, mnene, mwenye sauti ya polepole. Nilimwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unaitwa nani?"

"Sospeter."

"Una cheti, Sospeter?"

"Ninacho, mzee."

"Kiweke mahali pakavu." Akanipa kitambaa cheupe na chupa ya spiriti. "Anza na zile."

Zile zilikuwa waya za antena, zimelala chini kama nyoka, kila moja na kichwa chake cha shaba cha kuungia. Nilitakiwa kufungua, kufuta kwa spiriti, kukausha, kuangalia kwenye mwanga, kisha kufunga. Nikimaliza, mzee anakuja na kitambaa chake mwenyewe, anafuta tena pale nilipofuta. Kikitoka na alama, narudia. Wiki nzima sikugusa redio. Jioni nilikuwa nanuka spiriti kiasi kwamba mama mmoja wa jikoni alimwuliza mzee kama huyu kijana anakunywa kazini.

Nilifikiri ananionea. Nilielewa siku ya hema la matibabu.

Pale kambini kila shirika lilikuwa na redio yake, na karibu wote walifunga antena zao kwenye mlingoti mmoja, maana ulikuwa mrefu na ulikuwapo. Redio ya hema la matibabu ikaanza kupata ugonjwa. Watu wa malori ya chakula wakiongea peke yao, ilikuwa sawa. Watu wa maji wakiongea peke yao, sawa. Lakini wote wawili wakiongea kwa wakati mmoja, redio ya daktari ilinguruma na kumeza sauti ya mtu aliyekuwa mbali. Watu wa chakula wakalaumu watu wa maji. Watu wa maji wakasema redio ya daktari ni mbovu. Redio ikabadilishwa, ngurumo ikabaki.

Mzee Kamugisha alikwenda jikoni akaazima mwiko wa ugali. Akanikalisha mbele ya redio ya daktari, hatimaye nikavaa vile visikilizio, na yeye akauzunguka mlingoti akigonga kila kilichoshikana na kingine. Alipogonga kikazio cha waya mmoja wa kushikilia mlingoti, ngurumo ikakatika, ikarudi, ikakatika. Nikapiga kelele, "Hapo hapo mzee!" Kile kikazio kilikuwa kimeliwa na kutu ndani ya nyuzi zake. Hakikuwa na umeme, hakikuwa na taa wala swichi. Kazi yake ilikuwa kuvuta waya tu.

Akaniketisha akanieleza, na maelezo yake ndiyo niliyoyatumia mpaka nastaafu. Mawimbi mawili yenye nguvu yakipita mahali ambapo chuma kimeshika chuma vibaya, iwe kwa kutu, kwa uchafu au kwa nati iliyolegea, hayapiti salama. Yanachanganyika yanazaa wimbi la tatu ambalo hakuna aliyelituma. Likiangukia pale ambapo mtu anasikiliza sauti ndogo ya mbali, linaifunika. Kwenye vitabu jambo hili lina jina refu la Kiingereza, na ninyi mnaliita pimu. Mzee aliliita kelele za kutu. "Kitu chenye umeme kikiharibika, watu wanakishuku," alisema. "Hiki hakina umeme, kwa hiyo kitakaa hapa kinawasumbua mpaka mzeeke."

Alinifundisha pia kukaza. Nilikuwa nakaza kwa nguvu zangu zote, kwa fahari ya ujana. Alinishika mkono. "Umegombana nayo?" Nati ina kipimo chake, na spana yenye kipimo hulia tki inapofika. Baada ya tki unaacha. Najua kati yenu wapo wanaoongeza kidogo baada ya tki. Waache kuongeza.

Kambi ilipofungwa yeye alirudi Muleba kwenye kahawa yake. Hatukuonana mara nyingi baada ya hapo, lakini kila nilipoifuta kebo mara ya pili ilikuwa kwa sababu yake. Namshukuru kwa kitambaa kuliko kwa maneno yake mengi ya busara, ambayo mengine nimeyasahau.

Simu za mkononi zilipofika kwetu, nilichukuliwa na kampuni nikapelekwa Biharamulo. Huko ndiko nilikompata Nestori, mpandaji wangu. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye alizaliwa huku huku kwetu, na kabla ya minara alikuwa anapanda mikaratusi kukata matawi. Siku ya kwanza nilipompa mkanda wa usalama aliugeuzageuza.

"Huu ni wa nini, fundi?"

"Wa kukuzuia usianguke."

"Lakini mimi sianguki."

Nikamwambia bila mkanda hapandi. Akauvaa, nadhani kwa kunihurumia. Tulifanya kazi pamoja tangu siku hiyo mpaka nilipoondoka. Yeye juu na nyundo ya mpira, mimi chini na mashine ya kupimia, tukiongea kwa redio za mkononi. "Gonga." "Nimegonga." "Kingine." Mtu akisikiliza kwa mbali angesema ni vichaa wawili. Lakini mgongaji lazima amwamini aliye chini kwamba mitambo imezimwa pale ilipotakiwa kuzimwa, na aliye chini lazima amwamini mgongaji kwamba amegonga kweli na hakuruka hata kiungo kimoja kwa sababu jua ni kali. Nestori hakuwahi kuruka kiungo. Hilo ni jambo la kushukuru kila siku, na nilikuwa nasahau kumwambia.

Kazi ya Biharamulo iliyotutoa jasho ilikuwa ya mnara mmoja ulioumwa siku za upepo tu. Tulifungua kila kiungo, tukafuta, tukakaza kwa spana yenye kipimo. Hali ya hewa ikitulia, mashine inasema safi. Upepo ukivuma, kelele. Siku ya tatu Nestori akaniita kutoka juu.

"Fundi, huku nyuma ya antena kuna mnyororo."

"Mnyororo wa nini?"

"Wa kufuli. Lakini kufuli halipo."

Kuna mtu alifungia kitu huko juu wakati wa ujenzi, akaondoka na kitu, akaondoka na kufuli, akatuachia mnyororo wenye kutu ukining'inia na kujigonga kwenye chuma kila upepo ulipopita. Nestori alipoushusha, mashine ikatulia kama mtoto aliyenyonya. Mnyororo wenyewe nilimfungia mbuzi wangu, na kwa mbuzi ulifanya kazi nzuri.

Sasa nije Mugoma, maana najua wengi wenu mnalisubiri hilo.

Mnara wa Mugoma uko ubavuni mwa kilima. Ulifanya kazi bila maneno mpaka kampuni ilipoongeza antena za masafa mapya ili watu wapate intaneti. Baada ya hapo malalamiko yakaanza, na yalikuwa ya ajabu. Simu inaonyesha mtandao umejaa, lakini ukipiga, wewe unamsikia mwenzako vizuri, yeye hakusikii. Mchana watu wakiwa wengi kwenye mtandao, hali inazidi. Mnara ulikuwa unapaza sauti vizuri sana, ila masikio yake yameziba.

Aliyenipigia hakuwa mkubwa wa ofisi. Alikuwa Velediana, muuguzi wa zahanati, mwanamke wa makamo anayetembea haraka. Alinipigia siku aliyokuwa Ngara mjini, kwa sababu akiwa Mugoma nisingemsikia.

"Fundi Sospeter, mimi silalamiki habari za intaneti. Mimi nikipiga simu ujue kuna mtu amelala mbele yangu."

Akanieleza. Mama mmoja alijifungua, damu ikakataa kukoma. Velediana akapiga simu hospitali kuomba gari. Akamsikia dereva akisema haloo, haloo, nani huyu, kisha akakata. Akapiga tena, ikawa vilevile. Mwishowe akampakia yule mama kwenye pikipiki, katikati ya mwendesha pikipiki na dada wa mama huyo, akiwa amefungwa kwa kanga asianguke. Mama alipona. Lakini hospitali walimwambia Velediana kwamba kama safari ingekuwa ndefu zaidi kidogo tu, wasingekuwa na la kufanya.

"Nilimsikia dereva kama nakusikia wewe hapa," alisema. "Nilipiga kelele mpaka koo likauma. Unajua inavyokuwa, mtu unamsikia na yeye hakusikii?"

Kesho yake mimi na Nestori tulikuwa Mugoma. Tulifanya kila mnachokijua. Tulifungua viungo vyote, tukavifuta kwa spiriti, tukabadilisha kebo fupi moja ambayo sikuipenda sura yake, tukakaza mpaka tki. Kebo zikawa safi. Antena zikawa safi. Tukiwasha kila kitu, kelele inarudi palepale. Wakubwa wakasema ni mitambo ya ng'ambo, maana mpaka wa Burundi hauko mbali, na lawama ikivuka mpaka hairudi kuuliza. Nilikaribia kukubali.

Velediana ndiye aliyenizuia. Alitukuta kwenye uzio wa mnara tukifungasha.

"Mnaondoka? Basi mje siku ya mvua mpumzike."

"Kwa nini siku ya mvua?"

"Si mvua ikinyesha simu zinapona? Wiki iliyopita ilinyesha siku mbili, nikaongea na hospitali kama niko mezani kwao. Jua lilipowaka, tukarudi kulekule."

Nilitua begi chini. Mtambo wa ng'ambo haujali kama Mugoma kuna mvua. Kutu ndiyo hubadilika ikilowa. Basi kitu chenyewe kilikuwa nje, kinanyeshewa, na kilikuwa mbele ya antena zetu. Nikamwomba Nestori apande tena asiangalie mnara, aangalie zinakotazama antena.

"Unaona nini?"

"Migomba."

"Na nini tena?"

"Naona nyumba, huko juu kilimani. Fundi, bati lake liko usawa wa macho yangu."

Kwa kuwa mnara uko ubavuni na nyumba iko juu zaidi kilimani, paa lilikuwa limekaa uso kwa uso na antena mpya. Na lilikuwa paa la namna gani! Mabati ya kila umri, mengine tangu enzi za kambi, yamelaliana moja juu ya jingine, misumari imeoza, na pale misumari iliposhindwa palikuwa na mawe. Kila bati lilipogusana na jingine palikuwa na kutu. Kama Mzee Kamugisha angeombwa kubuni mtambo wa kutengeneza kelele, asingebuni mzuri zaidi.

Mwenye nyumba, Bibi Generoza, tulimkuta anapalilia maharage. Alikuwa mzee mfupi, mgongo umeinama kidogo, macho makali. Nilimwamkia, akaitika marahaba bila kuacha jembe.

"Mmekuja kupima tena?"

Kumbe kabla yetu alikwishapita mtu wa viwanja akiwa na futi ya kupimia, akazunguka nyumba yake bila hata kumwamkia. Nikajaribu kumweleza kwamba sisi hatupimi ardhi, ila tunashuku bati lake lina kelele zinazosumbua simu.

"Bati langu lina kerere gani?" Alisema hivyo hivyo, kerere. "Mvua ikinyesha ndiyo linapiga kerere. Kukiwa na jua limenyamaza."

"Kwa simu ni kinyume, bibi. Mvua ikinyesha ndiyo linanyamaza."

Akanitazama kama mtu anayejiuliza nimekunywa nini na wapi. Nestori akaingilia akamwamkia kwa Kirundi, "Amahoro, mama," akaongea naye kwa heshima, taratibu. Bibi akamsikiliza, akamjibu, kisha akageukia kwangu kwa Kiswahili ili nisipate kisingizio.

"Nilikimbia kwetu nikiwa msichana, nimembeba mdogo wangu mgongoni. Nikapewa mahali, nikahamishwa. Nikapewa pengine, nikahamishwa. Hapa nilipanda migomba kwa mikono yangu, na mume wangu yuko pale nyuma, amelala. Mnara wenu ulinikuta hapa. Kama kuna kitu kinasumbua kingine, ondoeni mnara."

Alikuwa amesema kweli. Tuliaga tukashuka. Tulipofika kwenye gari Nestori alipakia begi. "Mama yangu angesema hivyohivyo," alisema, akapanda nyuma.

Nilimweleza meneja wa kanda. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na minara mingi na usingizi kidogo. Alisema njia rahisi ni bibi apewe fidia ahamie pengine.

"Atakubali?" aliuliza.

"Hatakubali. Na mimi sitakwenda kumwambia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kinachopiga kelele ni kutu. Tuondoe kutu, bibi abaki."

Tulivutana. Akasema kampuni haitengenezi nyumba za watu. Nikasema hata mimi sijawahi kusikia kampuni inayotengeneza nyumba za watu, lakini pia sijasikia kampuni inayojenga mnara kwa ajili ya muuguzi kumsikia dereva asiyemsikia. Alicheka bila kupenda. Akaniambia nikithibitisha kwamba ni lile paa kweli, nirudi tuongee.

Kuthibitisha kulihitaji ruhusa ya bibi, na safari hii sikwenda na begi la vifaa. Nilikwenda na Velediana. Aliketi kwenye mkeka akaanza kusaidia kupukuchua maharage, na kwa muda mrefu waliongea habari za wajukuu, ambao karibu wote yeye ndiye aliyewapokea duniani. Mimi na Nestori tulikaa pembeni tukimeza mate kwa harufu ya ndizi zilizokuwa jikoni. Kisha Velediana akamsimulia habari ya yule mama na pikipiki. Hakutaja bati, hakutaja mnara. Alisimulia tu jinsi alivyomsikia dereva akisema haloo, haloo.

Bibi aliacha kupukuchua.

"Ni mtoto wa nani?"

"Siwezi kusema jina, bibi. Lakini unamjua."

Bibi akatazama bondeni upande wa zahanati.

"Mimi sitahama," alisema mwishoni.

"Hakuna anayekuhamisha," nikamwambia. "Nimekwisha kumwambia mkubwa wangu."

"Umemwambia wewe?"

"Mimi mwenyewe."

Akamwonyesha Nestori kwa kidole. "Basi apande huyu mwembamba. Wewe baki chini, utanivunjia."

Jua lilikuwa linawaka, siku nzuri kabisa kwa ugonjwa wetu. Nilishuka kwenye mashine chini ya mnara, mitambo tukaipunguza nguvu upande ule ili Nestori asisimame mbele ya antena zinazochoma. Hata ikiwa imepunguzwa, kelele ilionekana.

"Nakanyaga karibu na kofia ya paa," Nestori akasema kwenye redio.

"Hakuna kitu. Shuka."

"Hapa?"

"Hapana. Nenda kushoto."

"Hapa kuna jiwe."

"Lisogeze."

Mstari kwenye mashine ukaruka juu, ukaanguka, ukaruka. Nikapiga kelele kama siku ile ya mwiko. "Rudi hapo! Kanyaga tena. Inua mguu. Kanyaga." Kila alipokanyaga, kelele ilibadilika. Velediana akapandisha ndoo ya maji kwa ngazi, Nestori akaimwaga juu ya maungio, na mstari ukalala. Nikaketi chini kwenye changarawe. Sina aibu kuandika kwamba nilishukuru Mungu kwa sauti.

Meneja nilimpelekea picha za mashine, paa likiwa kavu na likiwa limelowa. Aliziangalia mara mbili. Kulikuwa na kibanda cha jenereta huko Biharamulo kilichobomolewa, mabati yake yenye rangi yamelala stoo bila kazi. Nikamkumbusha. Akaangalia dirishani.

"Chukueni. Lakini mimi sijaona paa lolote."

Siku ya kuezeka majirani walikuja bila kuitwa. Wanaume walibadilisha papi za mbao zilizooza, wanawake wakapika, na watu wa zahanati wakaja kupokezana. Mimi nilisimamia jambo moja tu, kwamba kila bati linapolala juu ya jingine, katikati upite ukanda wa mpira, tuliokata kwenye mipira ya ndani ya baiskeli, ili chuma kisiguse chuma. Mafundi wa kijiji walinicheka. Walisema hawajaona nyumba inayovaa soksi. Misumari yote tulitumia ile yenye kofia za mpira. Mabati ya zamani niliyapakia kwenye gari mwenyewe, maana nilimwona bibi anayatazama kwa jicho la banda la kuku, na tungerudi tulikotoka. Baadaye Nestori alipanda mnarani tukainua uso wa antena kidogo upite juu ya paa, na tukawasha vyote kwa nguvu kamili, mchana, jua likiwa kali.

Mashine ikasema safi. Sikuiamini. Nikamwomba Velediana apige simu hospitali.

Akaiweka simu sikioni, akavuta pumzi, akapaza sauti kwa mazoea, "HALOO! NI NESI WA MUGOMA!" Migomba nadhani ilisikia. Kisha akanyamaza, akasikiliza, akashusha simu akatutazama huku machozi yanamtoka na anacheka.

"Wanasema nisipige kelele. Wanasema wananisikia vizuri tu."

Baada ya Mugoma nilibadilika. Kila nilipofika kwenye mnara nilizunguka kwanza na macho yangu, nikitazama mapaa, nyuzi za kuanikia nguo, magari mabovu yaliyotelekezwa, uzio wa seng'enge. Na nilijifunza kuamkia watu kabla ya kutoa vifaa, kwa sababu mara nyingi mwenye dawa ya ugonjwa wa mnara ni jirani yake, na hana sababu ya kukwambia kama umempita bila salamu. Hilo halimo kwenye mafunzo mnayopewa. Liongezeni kwa kalamu.

Juma langu la mwisho kazini, meneja mpya aliniuliza nataka kuagana na mnara gani. Nikasema Mugoma. Nestori akaendesha. Tulikagua kila kitu, hakukuwa na la kufanya, tukapanda kwa bibi kumwamkia.

Siku ile alikuwa na wageni wengi, mjukuu wake amepata kipaimara. Walitukaribisha tukapewa ndizi na maharage, na juisi ya ndizi mbivu kwenye vikombe vikubwa. Bibi amezeeka sana sasa, macho hayaoni vizuri, lakini alinijua kwa sauti. Alinishika mkono, akasimama kwa shida, akawanyamazisha wageni.

"Huyu," akasema, "ni fundi wa bati kutoka Ngara. Ndiye aliyeniezekea nyumba hii, na haijavuja hata siku moja. Ni fundi mzuri sana. Ila ana tabia ya kugongagonga vitu."

Watu wakapiga makofi. Nikafungua kinywa nimweleze kwamba mimi ni fundi wa mawasiliano, nimefanya kazi hii tangu Benaco, na bati lile waliliezeka majirani. Nestori akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikafunga kinywa, nikasema asante bibi, nikapokea makofi yangu.

Mwanamume mmoja akaja akaketi karibu yangu. Akaniamkia, akasema yeye anakaa kilima cha pili, na kwake panavuja upande wa jikoni tangu masika. Kama sina haraka, ningeweza kupita nikatupia jicho?

Nikamtazama Nestori. Alikuwa amekwisha kusimama, anatafuta funguo za gari. Tukaenda.